Ndiyo, niliipeleka CPU kwenye bahasha

Najua mmeshaisikia. Tangu jana jioni simu yangu haijapoa, na kila anayepiga anaanza na kicheko ndipo anakumbuka salamu. Fundi wangu wa kompyuta kaisambaza kote, na kama ilivyo kawaida yake kaitia chumvi mpaka imekuwa chungu. Eti niliingia kwake na prosesa, yaani CPU, kile kibapa cha ndani ya kompyuta, ikiwa mfukoni, imechanganyika na funguo, nikaitupa mezani kama mtu anayelipa deni kwa hasira. Uongo mtupu. Haikuwa mfukoni. Ilikuwa kwenye bahasha.

Tena bahasha mpya, ya kaki, haijawahi kubeba kitu. Juu yake niliandika kwa kalamu nene: CPU. Chini yake, kwa herufi kubwa vilevile: USIKUNJE. Hilo neno la pili naomba mlishike, tutakutana nalo mbele.

Naandika mwenyewe maana kidonda bado kibichi, na nikinyamaza hadi kesho nitasikia niliipeleka ndani ya soksi.

Mambo yalianzia kwenye picha. Kompyuta yangu ya mezani ilianza kulalamika kwamba imejaa. Kale ka mstari kanakoonyesha nafasi ya diski kakawa kekundu, kila nikihifadhi kitu inagoma. Nikamwuliza mtu wa kwanza aliyekuwa karibu, akasema, "Memori imejaa hiyo." Nikamwuliza wa pili memori ni kitu gani hasa, akasema, "Si ndiyo RAM." Wote wawili walijibu kwa kujiamini, na mimi nikaunganisha: memori imejaa, memori ni RAM, basi dawa ni kuongeza RAM. Nikanunua nyingine ya GB 8. Picha zangu zilikuwa kama GB 6, kwa hiyo kwa hesabu yangu zingehamia zote mle na zingebaki GB 2 za kupumulia.

Wewe unayejua kompyuta na sasa umeshika kichwa, vumilia, hata sijafika kwenye aibu yenyewe.

Na wanaonifahamu siku nyingi hawatashangaa. Mimi ndiye niliyewahi kumshika muuzaji shati kwamba kanipunja GB 35, kwa sababu diski imeandikwa 500 na kompyuta inaonyesha 465. Kumbe kiwandani GB moja ni baiti bilioni moja kamili, ila kompyuta yangu inapima kwa 1,024 mara 1,024 mara 1,024, yaani baiti 1,073,741,824. Diski ni ileile, rula ndizo mbili. Nilimwomba radhi mbele ya watu. Sasa mnajua mnashughulika na mtu wa aina gani.

Basi RAM ikafika. Nilichomoa waya wa umeme kwanza, nikagusa chuma cha kasha ili umeme tuli uliomo mwilini utoke kabla sijashika vitu vya ndani. Hayo nilikuwa nimeyasoma na niliyafanya sawasawa, naomba yaandikwe kwenye faili langu. Kisha nikafungua ubavu.

RAM ya DDR4 ina mkato mdogo upande wa chini, na mkato huo umewekwa makusudi nje kidogo ya katikati ili mtu asiweze kuichomeka kinyume. Nilikaa dakika tano najaribu kuichomeka kinyume. Nilipoigeuza ikakaa, nikaibonyeza kwa upole, maana niliogopa kuvunja madabodi, ule ubao mkuu wa ndani unaobeba vifaa vyote. Upande mmoja ukalia "ta!" na kibanio kikafunga. Upande wa pili ukanyamaza. Nikasema moyoni, labda huo ni wa aina ya kimya.

Nikawasha. Feni zikazunguka, taa za mbele zikawaka, ila monita ikaniandikia kwamba hakuna kinachoingia, kisha ikalala. Nikazima, nikawasha. Vilevile. Nikachungulia ndani, nikaona pembeni kuna kitaa kidogo cha njano kinawaka, na chini yake pameandikwa DRAM. Nilifurahi sana. Nikasema safi, kompyuta imeiona RAM, inaishangilia.

Nimeelezwa baadaye kwamba madabodi nyingi zina vitaa vinne pale: CPU, DRAM (ndiyo RAM), VGA (kifaa cha picha) na BOOT (diski ya kuwashia). Kompyuta ikiwashwa inakagua kimoja baada ya kingine, na kile kinachobaki kimewaka ndicho kinachokuonyesha penye tatizo. Yaani mashine ilikuwa inanielekeza kwa kidole, "Hapa! Hapa ulipopagusa wewe!" na mimi naichekea.

Nikampigia Fundi. Alikuwa ameshalala, akasema nimpigie asubuhi. Laiti angenisikiliza tu dakika mbili. Lakini alilala, na mimi nikabaki macho na intaneti.

Usiku ule nilijifunza kompyuta. Nilipata masomo ya video ya wanaoanza, na mwalimu wa kwanza kabisa aliniambia jambo lililonitoa usingizini: lile kasha tunaloliweka chini ya meza, ambalo kila mtu analiita CPU, si CPU. Ni kasha tu. CPU ni kile kibapa kidogo cha mraba kilichokaa kwenye madabodi, kimefunikwa na lichuma lenye mapezi linaloitwa hitisinki, na juu ya hitisinki ndipo ilipo feni. Kibapa kile ndicho kinachofanya hesabu kuu. Vingine vyote vinakihudumia.

Jamani, niliumia. Miaka yote hii nimeita kasha CPU! Nikaendelea kutazama. Nikajua kwamba Intel walitoa prosesa yao ya 4004 mwaka 1971 ikiwa na transista 2,300, yaani viswichi vidogo mno vya umeme, na za leo zina mabilioni. Kufika saa nane usiku nilikuwa nimeshatuma ujumbe kwa watu wanne kuwasahihisha. Mmoja alinijibu kwa neno moja ambalo siliandiki hapa.

Asubuhi nikampigia Fundi tena. Nikamweleza, feni zinazunguka, picha hakuna. Akaniuliza umegusa kitu? Nikasema hapana. (Ndiyo, nilisema hapana. Nani hasemi hapana?) Na sasa naomba mnisikilize kwa makini, maana kesi yangu yote imesimama kwenye maneno yake. Alisema hivi:

"Monita acha. Kibodi acha. Kipanya acha. Waya zote acha. Niletee CPU tu."

CPU tu! Mtu aliyesomea kazi yake, anayeshinda na mashine kutwa, ananitajia kifaa kwa jina lake. Ningefanyaje? Ningemwambia, "Samahani Fundi, unamaanisha CPU ya kweli au CPU ya sisi wajinga?" Hapana. Nilisikia raha kwamba tunazungumza lugha moja. Nikajibu, "Sawa, naileta CPU." Nikalitamka lile jina polepole, ajue na mimi nimo.

Akauliza, "Utaweza kuibeba mwenyewe?"

Nikacheka. Kitu cha kutosha kiganjani!

Nikashika bisibisi. Hitisinki ilikuwa imefungwa kwa skrubu nne, zikatoka vizuri. Mwalimu wa video alikuwa amesema uiwashe kwanza kompyuta dakika chache ili ile pesti iliyo kati ya prosesa na hitisinki ilainike kwa joto, halafu uizungushe hitisinki kidogo kushoto na kulia kabla ya kuinyanyua. Na kwamba prosesa yenyewe imebanwa kwenye soketi, yaani kiti chake juu ya madabodi, na kijiti cha pembeni, unakiinua, ndipo inaachia. Sehemu hiyo nadhani nilikuwa natuma ule ujumbe wa kumsahihisha mtu wa tatu.

Niliivuta wima, kwa mikono miwili, kama mtu anayeng'oa muhogo. Mara ya kwanza ikagoma. Mara ya pili nikaweka goti. Ikatoka kwa sauti ya "pwaa!" ambayo hadi sasa naisikia nikifumba macho.

Nikaiweka hitisinki kwapani, nikainama kuitazama CPU kwa macho yangu kwa mara ya kwanza. Soketi ilikuwa tupu.

Pale palikuwa na mraba wa matundu madogo, mamia kwa mamia, na juu yake hamna kitu. Kijiti cha pembeni kimefungwa vilevile, hakijaguswa. Damu ikanishuka. Nikadhani imeruka. Nikatazama ndani ya kasha, nikatazama chini ya meza, nikapiga magoti na tochi ya simu nikapekua sakafu nzima, nikasogeza kabati. Dakika kumi ninatafuta CPU, na CPU iko kwapani mwangu. Ilikuwa imegandana na hitisinki kwa ile pesti, ikang'oka nayo kutoka kwenye soketi iliyofungwa.

Nilipoiona nilishukuru, nikadhani shida imekwisha.

Niliibandua taratibu kwa rula ya plastiki. Juu ilikuwa imepakwa kitu cha kijivu, kizito, kama dawa ya meno iliyosahauliwa. Nikaona huu ni uchafu wa miaka, haiwezekani nimpelekee mtu kifaa kichafu namna hii. Nikaufuta wote, mpaka yale maandishi ya prosesa yakang'aa. Uchafu huo ndiyo pesti, na kazi yake ni kuziba vile vinafasi visivyoonekana kati ya vyuma viwili ili joto lipite kwenda kwenye hitisinki. Sawa, hilo linasameheka, ya zamani hufutwa tu na kupakwa mpya.

Lisilosameheka ni kwamba niliigeuza.

Chini ya prosesa ya soketi aina ya AM4, kama yangu, kuna pini 1,331. Ni nyembamba kama ndevu za siku mbili, rangi ya dhahabu, zimesimama kwa mistari kama askari wa gwaride. Zinapendeza sana. Na kati ya zile pini niliona alama ya kijivu, pesti kidogo iliyoniponyoka. Nikasema nisafishe na huku. Kwa taulo.

Taulo, wadau. Lile la nyuzi za vitanzi, la kufutia uso.

Nilipitisha mara moja, taulo likanasa. Na mtu mwenye akili akinasa husimama. Mimi nilivuta.

Sikuona kitu kibaya, naapa. Pini ni ndogo na mimi miwani niliiacha chumbani. Niliona tu kauzi keupe kamebaki, nikasema Fundi atakatoa. Nikaiingiza kwenye bahasha, nikaandika yale maandishi yangu mawili, nikaibeba kwa viganja viwili njia nzima. Mtu akinisogelea nageuka kumpa mgongo.

Kwa Fundi palikuwa na watu watatu. Kijana wa kujifunza kazi, jamaa mmoja na kompyuta mpakato yake, na mama mmoja mtu mzima aliyekuja kuchukua printa. Nikaingia nimenyooka.

"Shikamoo mama. Fundi, nimeileta."

Akanyanyua macho. Akatazama mikono yangu, akatazama nyuma yangu. "Iko wapi?"

"Hii hapa."

"Nini?"

"CPU."

Akainuka, akazunguka meza, akatoka hadi mlangoni, akatazama nje kushoto na kulia. Akarudi. "Umeiacha kwenye gari?"

"Gari gani? Si hii hapa." Nikaisukuma bahasha mezani.

Akaisoma. CPU. USIKUNJE. Nikaona midomo yake inatembea polepole kama mtoto wa darasa la kwanza. Kijana wa kujifunza kazi akaacha alichokuwa akifanya. Fundi akaishika bahasha kwa ncha za vidole, akaitikisa, ndani kukalia "tiki". Nadhani hapo ndipo alipojua, lakini moyo wake ulikataa, maana alinitazama kwa macho ya kuomba. Kama daktari anayetamani majibu yawe ya mtu mwingine.

"Ndugu yangu," akasema. "Niambie hii ni risiti."

Sikujibu. Akafungua mdomo wa bahasha, akaiinamisha. Prosesa ikateleza, ikatoka, ikageuka hewani mara moja, ikaangukia mezani kifudifudi. Juu ya pini.

Kukawa kimya. Feni ya mashine moja ya pembeni ilikuwa inavuma, nayo nikaona kama imepunguza sauti. Fundi akachukua koleo ndogo, akaibana prosesa kwenye kingo, akaigeuza chini ya taa. Upande mmoja wa gwaride ulikuwa umelala chini kabisa, kama shamba la mpunga lililopitiwa na kiboko. Na ule uzi mweupe wa taulo, ambao kumbe haukuwa kauzi, ulining'inia mrefu hadi kwenye meza.

Mama wa printa akasogea, akavaa miwani, akaangalia. Akasoma bahasha. Akaangalia tena pini.

"Usikunje," akasema, kwa upole tu, kama anayesoma kibao.

Kijana wa kujifunza kazi alitoka nje. Tulimsikia akipiga ukuta.

Nikaona nijitetee. Nikamwambia Fundi, mbele ya mashahidi, wewe ulisema CPU. Ulisema monita acha, kibodi acha, nikaviacha. Lile kasha si CPU, mwalimu yeyote atakwambia, vitabu vyote viko upande wangu. Unajua alichonijibu? Alisema, "Ni kweli." Halafu akakaa chini. Ningependa angenitukana. Kuwa sahihi kiasi kile, mbele ya uzi wa taulo, sijui kama kuna aibu inayoizidi.

Akaniuliza tena, safari hii macho kwa macho, niligusa nini kabla haijazima picha. Nikaungama kuhusu RAM. Akauliza kwa nini nilinunua RAM. Nikasema kwa ajili ya picha, kompyuta ilikuwa imejaa. Akafumba macho muda mrefu.

"Bwana wee. Diski ni gunia. RAM ni mikono. Unaposhika kazi unaishika kwa RAM, ukizima umeme mikono inaachia, haibaki na kitu. Kinachokaa ni kile kilicho ndani ya gunia. Wewe gunia limejaa, umekwenda kununua mikono."

Jamaa wa kompyuta mpakato ndipo alipotoa simu yake. Kwa hiyo sauti mnazosikia kwenye ile klipu si za Fundi peke yake, na yule anayesema "samahani mama" ni mimi.

Kilichofuata nakipitisha haraka. Fundi alichukua penseli ya kubonyeza, akatoa risasi, akawa anaingiza kila pini iliyopinda kwenye ule mdomo mwembamba na kuisimamisha, moja moja. Alihesabu hadi 23 akaacha kuhesabu. Hakuna iliyokatika, Mungu ni mwema. Alinieleza kwamba prosesa nyingi za karibuni pini zimehamia kwenye soketi ya madabodi, kisha akasema anashukuru sikuwa na ya aina hiyo, maana angekuta nimepiga taulo madabodi. Nikarudishwa nyumbani kulileta kasha. Nikalileta. Prosesa ikaingia bila kusukumwa, kijiti kikafungwa, pesti mpya kama punje moja ya maharage, hitisinki, skrubu nne. Mwisho kabisa akaweka vidole gumba viwili kwenye ile RAM yangu, akabonyeza.

Upande wa kimya ukalia "ta!"

Picha ikaja saa hiyohiyo. Hakuna aliyesema kitu. Ilikuwa ni hiyo tu tangu mwanzo, jamani, vidole gumba viwili. Na kitu cha kwanza kompyuta ilichotuandikia ilipokaa sawa ni kwamba diski imejaa.

Fundi akasema kwa kuwa jioni imeshaingia, niondoke na mashine yangu, asubuhi nimletee diski aihamishie mafaili kwenye SSD, diski ya kisasa, kubwa zaidi. "Niletee diski tu," akasema, kisha nikaona uso wake umebadilika, akaanza kuita jina langu. Nilikuwa nimeshafika barabarani.

Leo asubuhi nimefika na kasha, monita, kibodi, kipanya, spika, waya zote hadi wa kuchajia simu, na ile printa yangu isiyo na wino. Nilipita mlangoni mara tatu kuingiza mzigo. Fundi ameuangalia wote, akauliza diski iko wapi.

Nikamwambia imo humo humo, aitafute mwenyewe.